Mjadala: Riba imeshuka, lakini soko la nyumba Kenya limeinuka kwa nani?

MLETA MADA (Nakuru)

Hamjambo nyote. Kila mahali sasa tunaambiwa soko la nyumba limeanza kupata nafuu. Wanaosema hivyo wana ushahidi, na sitaki kuupuuza. Benki Kuu ya Kenya ilifikisha riba yake ya msingi asilimia 13 Februari 2024. Agosti mwaka huo ikaanza kuishusha kidogo kidogo, na kufikia Desemba 2025 ilikuwa asilimia 9. Shilingi iliyokuwa imekimbia hadi 160 kwa dola moja ilitulia kwenye 129. Nyumba za serikali pale Mukuru, Nairobi, zilianza kukabidhiwa wenyewe Mei 2025. Anayelipa mkopo wa nyumba naye ameongezewa nafuu ya kodi: riba ya hadi shilingi 360,000 kwa mwaka haihesabiwi kwenye mapato yake, kutoka 300,000.

Yote ni kweli. Hoja yangu ni kwamba hizo ni dalili za nafuu kwa fedha, na nafuu ya makazi bado sijaiona. Mimi nina kipimo kimoja: ni watu wangapi wamepata mkopo wa nyumba? Mwaka 2015 benki zote za Kenya zilikuwa na akaunti elfu 24 hivi za mikopo hiyo. Mwisho wa 2024 zilikuwa takriban elfu 30, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 12. Katika muda huo riba iliwekewa kikomo kwa sheria mwaka 2016, kikomo kikaondolewa 2019, riba ikapanda, sasa inashuka. Idadi ni kama imepigwa msumari. Tena mkopo mmoja kwa wastani unapita shilingi milioni 9. Mwalimu, nesi, dereva wa basi, hawamo humo.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua nyumba ya milioni 6.7, bei ya kawaida tu ya vyumba viwili au vitatu nje kidogo ya Nairobi. Unatoa laki saba mkononi, unakopa milioni 6 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 15 unalipa kama 79,000 kila mwezi. Ikishuka hadi 13 unalipa kama 70,300. Umeokoa karibu elfu tisa, na si haba. Lakini sheria ya ajira inataka mfanyakazi abaki na angalau theluthi ya mshahara baada ya makato yote. Ukitoa kodi, NSSF, bima ya afya na makato ya nyumba, hata ukijumlisha ile nafuu ya kodi, anayeweza kubeba 70,300 ni mwenye mshahara wa 170,000 hivi kwenda juu. Hapo hatujataja ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, yaani 268,000 nyingine, wala wakili na mthamini.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mikopo ya sacco. Fomu zinazofika mezani kwetu zinasimulia soko lingine kabisa. Mwanachama anaomba laki nne za ploti. Akimaliza kulipa anarudi kuomba za msingi na mawe. Miaka miwili baadaye ni mbao na mabati. Kisha anahamia, plasta bado, chumba kimoja kina mlango na vingine vimezibwa kwa mabati yaliyobaki, kwa sababu kodi ya mjini imemshinda. Atakuja tena kuomba za madirisha. Huyu ndiye mnunuzi wa nyumba wa Kenya, na hakuna takwimu ya rehani inayomhesabu.

Nauliza basi: tuseme soko limeinuka? Na kama kuna pesa ya kuelekeza, iende kwenye maghorofa au kwa huyu anayejenga kwa awamu? Karibuni.

AFISA MIKOPO (Nairobi)

Ndugu mleta mada, hesabu zako nimezipitia na ni sawa. Hukumu yako ndiyo imekuja mapema.

Mwaka 2024 serikali ilikuwa ikikopa kwa hati za Hazina za siku 91 na kulipa riba ya zaidi ya asilimia 16. Jiweke kwenye kiti cha meneja wa benki. Kwa nini ukopeshe mtu kwa miaka 20, umfuate akikosa kazi, uende mahakamani, upige mnada, wakati Hazina inakulipa vile bila usumbufu? Mwishoni mwa 2025 hati zile zile zilikuwa zinalipa chini ya asilimia 8. Hapo ndipo benki zinalazimika kurudi kwa mwananchi. Wengi hawazungumzii badiliko hili, na kwangu mimi lina uzito kuliko riba ya Benki Kuu yenyewe.

Lakini haliwezi kuonekana kesho asubuhi. Mikopo isiyolipika ilipita asilimia 16 ya mikopo yote mwaka 2024, kwa hiyo kila faili linapekuliwa mara mbili. Mteja mwenyewe anaogopa: aliyeona mkopo wake ukipanda bila kuulizwa 2023 hana haraka ya kusaini mwingine. Takwimu ulizoleta zinaishia 2024, wakati riba ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kushuka. Huwezi kumpima mgonjwa siku aliyomeza kidonge cha kwanza.

Kuhusu anayejenga kwa awamu, namheshimu, ila rehani yake ni ngumu kuishika. Nyumba isiyo na paa nitamuuzia nani akishindwa kulipa?

MWALIMU (Kakamega)

Mimi nina jambo moja. Nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya hizo nyumba za serikali, na mwajiri wangu anatoa kama hiyo. Mahakama Kuu ilisema Novemba 2023 kwamba makato yale yanakiuka Katiba, tukashangilia, Machi 2024 yakaletewa sheria mpya na yanaendelea. Mimi nimejenga kwetu kwa mkopo wa sacco, bado naulipa. Nyumba ya ghorofa mjini siitaki. Kama pesa ile ingebaki kwenye pesilipu yangu, jikoni langu lingekuwa na sakafu. Halafu naambiwa soko limeinuka. Limeinuka kwa mchango wangu!

FUNDI WA MAWE (Nairobi)

Mwalimu, pole, na hasira yako naielewa. Ila na sisi mtusikie. Kuna kipindi nilikuwa naamka saa kumi na moja, nakwenda kusimama langoni mwa mjengo, nachaguliwa siku mbili kwa wiki. Tangu hizi kazi za serikali zianze, napata wiki nzima. Watoto wangu wanalipiwa karo kutoka huko.

Jambo la pili, pale Mukuru chumba cha chini kabisa kinalipiwa 3,900 kwa mwezi, na mwisho wa safari kinakuwa chako. Kuna watu wamelipa karibu hiyo miaka nenda miaka rudi kwa chumba cha mabati, choo cha kuchangia, maji ya kununua kwa mtungi, na hakuna siku kitakuwa chao. Usiniambie hiyo si nafuu. Shida ni kwamba waliopata ni wachache mno. Nyumba 1,080 za mwanzo, na Mukuru ina watu wangapi?

MKAZI WA MAJENGO (Mombasa)

Assalaam alaykum. Nduguzangu wa bara mnazungumza kana kwamba kila mwenye nyumba ana hati. Njooni pwani. Hapa kuna kitu kinaitwa nyumba bila ardhi. Nyumba ni ya babu yangu, aliijenga mwenyewe, kuta na paa ni mali yetu, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi wakala wake anapita kuchukua kodi ya ardhi. Majengo ni hivyo, Kisauni sehemu nyingi ni hivyo. Mambo haya yana mizizi tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, wenye nguvu walipoandikisha na wengine wakabaki kuwa wapangaji wa kiwanja.

Basi mimi niende benki na nini? Nyumba ninayo, hata ya kurithi. Afisa mikopo ataniuliza hati. Riba ikiwa 13, ikiwa 9, hata ikiwa 3, kwangu ni mamoja. Mkitaka dalili ya nafuu pwani, angalieni ni wangapi wamepata hati ya kiwanja wanachokikalia. Riba tutaizungumza baadaye.

KUTOKA DAR

Wakuu, huku kwetu ni yale yale. Tulikuwa na Benki ya Nyumba, ikafa 1995. Tukakaa miaka mingi bila chombo chochote cha maana, mpaka 2010 ikaundwa TMRC ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu. Riba za mikopo ya nyumba zimeshuka kutoka zaidi ya asilimia 20 hadi kati ya 13 na 19. Na bado mikopo yote ya nyumba haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Watu wanajenga kwa kudunduliza, tofali kwa tofali.

Mkazi wa Majengo kanigusa. Dar miaka ya 2000 serikali ilianza kutoa leseni za makazi kwa watu wa maeneo ambayo hayajapimwa. Si hatimiliki, ni karatasi ya muda, lakini baadhi ya taasisi za fedha ziliikubali kuwa dhamana ya mikopo midogo. Huenda na nyinyi pwani mkaanzia hapo.

MLETA MADA (Nakuru)

Nashukuru kwa michango. Nijibu nilipoguswa.

Fundi, uliyosema yote nayapokea. Mtu aliyetoka kwenye mabati akapata maji bombani ameinuka, hakuna ubishi. Ndiyo maana sisemi mradi usimamishwe. Nasema tusiuite soko, maana bei imepangwa na serikali na fedha zimetoka kwa Mwalimu wa Kakamega.

Mkazi wa Majengo, umenipa kipimo bora kuliko changu. Sisi wa kamati tunapitisha mkopo kwa akiba na wadhamini, kwa hiyo mwenye nyumba bila ardhi anaweza kukopa kwetu. Lakini anakopa mara tatu ya akiba yake, basi. Thamani ya nyumba ya babu haimwongezei hata shilingi.

Afisa mikopo, hoja yako ya hati za Hazina ni nzito na sina la kuipinga. Lakini tazama KMRC, kampuni yetu ya Kenya iliyo kama TMRC ya Dar. Ilipata leseni ya Benki Kuu 2020, na inazikopesha benki na sacco kwa riba nafuu ili mwananchi apate mkopo wa riba ya tarakimu moja. Kwa asilimia 9, mkopo ule ule wa milioni 6 unashuka hadi 54,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo nafuu ya kweli, na chombo kipo. Kwa nini akaunti hazijajaa? Kwa maoni yangu ni kwa sababu kilitengenezwa kwa nyumba iliyokwisha, yenye hati safi, na mnunuzi mwenye pesilipu. Pesa ile ile ingeweza kutolewa kwa awamu: hati ya ploti ndiyo dhamana, msingi ukikaguliwa awamu ya pili inatoka, ukuta ukifika kwenye linta awamu ya tatu. Unauliza utamuuzia nani nyumba isiyo na paa. Ploti yenyewe ina bei, na mara nyingi inapanda kila mwaka kuliko hilo paa.

Sasa nijibu wazi. Mteja ana mshahara wa elfu sitini, ana hati ya ploti yake, msingi ameshaweka. Anaingia ofisini kwako kesho. Una mkopo gani wa kumpa?

AFISA MIKOPO (Nairobi)

Nitamwandikia mkopo wa kawaida wa mshahara, miaka sita, na riba yake itakuwa juu kuliko ya nyumba. Hati sitaichukua. Kuandikisha rehani, wakili na mthamini kunagharimu karibu sawa kwa mkopo wa laki nane na wa milioni nane, kwa hiyo kwa huyu mteja gharama ingekula sehemu kubwa ya pesa kabla hajanunua jiwe moja. Hilo si uamuzi wangu wala wa meneja wangu, ndivyo ada zilivyo. Kama kuna aliyewahi kuona sacco au benki iliyopata njia ya kuandikisha rehani ndogo kwa bei ndogo, alete hapa na mahesabu yake. Nataka kuiona.