Naombeni ushauri: nawezaje kuzipata hati za kesi mtandaoni?

Mtafuta Jalada: Wanajamvi, salaam. Kwa wiki tatu nimetafuta mtandaoni hati za kesi moja ya madai, wala sijaambulia hata ukurasa mmoja. Nikiandika majina ya wahusika naletewa hukumu za watu wengine, na tovuti ya mahakama inadai namba ya kesi, mwaka na masjala ilikofunguliwa, mambo ambayo asiye mwanasheria hayajui kabla ya kuiona hati yenyewe. Nifanyeje?

Bint Nasoro: Ndugu, unachanganya hukumu na hati. Zinazochapishwa kwa wingi ni hukumu. Hati ya madai, utetezi, viapo na vielelezo mara nyingi hubaki ndani ya jalada. Hata zinapopakiwa, nyingi ni picha za karatasi zisizotafutika kwa maneno, au hukaa nyuma ya fomu ambayo Google haiipenyi.

Kengele: Mimi nilihangaika hivyo hivyo na kesi ya Marekani. Mfumo wa PACER, unaotumika kusomea hati za mahakama za huko mtandaoni, hutoza senti 10 kwa ukurasa, hati moja ya kesi ikikomea dola 3, na usipovuka dola 30 kwa robo mwaka husamehewa. Nilikuwa nimekwisha kulipia ndipo nikagundua kwamba baadhi ya hati zile zilikuwa bure kwenye tovuti ya CourtListener. Nilipohitaji kesi ya mahakama ya jimbo nikakwama tena, kwa kuwa PACER ni ya mahakama za shirikisho tu.

Mwalimu wa Zamu: Kabla hatujamsaidia mtu kupekua mambo ya wenzake, atuambie: kesi ni ya nani?

Mtafuta Jalada: Nilisita kulisema. Mdaiwa ni mimi. Samansi, yaani wito wa mahakama, ililetwa nyumbani nikakataa kuipokea, kwa sababu deni hilo silitambui. Nimeamua nisikanyage masjala mpaka niyasome madai yote, maana nikionekana pale itahesabika kwamba nimepokea wito.

Bint Nasoro: Hilo ndilo ungeanza nalo! Kukataa samansi hakusimamishi kesi. Mahakama nyingi zikithibitishiwa kwamba uliletewa ukaikataa, hukuhesabu kuwa umeipata. Siku za kuleta utetezi zikipita, mdai anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja, yaani bila wewe kusikilizwa. Wewe ni mhusika, jalada ni haki yako kulisoma.

Shahidi wa Pili: Mimi siamini kisa hiki. Aliyekataa samansi ameyajuaje majina ya wahusika? Jana ilikuwa "kesi moja", leo ni yake. Huenda huyu ndiye mdai, anapima upande wa pili utajitetea vipi.

Kengele: Hata mimi nimeanza kutia shaka.

Mtafuta Jalada: Aliyeileta alilisoma jina la mdai kwa sauti mlangoni. Namba sikuishika. Sina sababu ya kutunga aibu yangu mwenyewe.

Bint Nasoro: Awe mkweli au la, jibu ni lile lile. Siku ngapi zimepita tangu uikatae?

Mtafuta Jalada: 23.

Bint Nasoro: Basi nenda kesho na kitambulisho. Karani anaweza kulitafuta jalada kwa jina lako na la mdai, hata bila namba.

Mtafuta Jalada: Nitakwenda. Usiku huu nitajaribu tena kwa tahajia nyingine ya jina langu, kwa sababu watu huliandika kwa namna mbili na mimi nimetafuta kwa moja tu.