Tupeane uzoefu: tarehe ya mbele inayojihesabu yenyewe kwenye barua na mikataba

Wadau, nina steshenari Mwanjelwa, Mbeya. Kazi nyingi ninazochapa zina tarehe ya mbele: notisi ya siku 30, mkataba wa fremu, deni la mbolea. Naanza na langu.

Kikundi cha kukopeshana kilinipa barua ya kumdai mwanachama, alipe ndani ya siku 30. Kwenye Word, tarehe ya juu niliiweka kwa Alt+Shift+D, ya mwisho wa kulipa nikaiandika kwa mkono. Miezi miwili baadaye wakataka nakala ya kupeleka baraza la kata. Kufungua, tarehe ya juu ni ya siku hiyohiyo! Barua ikawa kama imeandikwa muda ukiwa umeshapita. Iliniuma sana, maana haki ya watu ilikuwa mle. Njia ile huweka tarehe inayobadilika kila unapofungua faili. Siku hizi nikimaliza naibofya tarehe, kisha Ctrl+Shift+F9, inabaki maandishi ya kawaida.

Ninachotafuta sasa ni ile ya "leo jumlisha siku 30". Mnafanyaje?

Mdau wa Mafinga: Mimi ni mikataba ya mbao. Nilijaribu ndani ya Word kwa Ctrl+F9 (inaweka mabano ya kuandikia fomula), siku ya leo jumlisha 30. Ilikuwa tarehe 20, ikanipa 50! Inajumlisha namba tu, haijui mwezi unaisha lini. Fomula ndefu za kuzunguka hilo zipo, mabano ndani ya mabano, zilinichosha. Nikahamia Excel: tarehe iko A2, B2 naandika =A2+30. Halafu naunganisha orodha ile na barua ya Word.

Iringa mjini: Hapo kwenye kuunganisha, angalia herufi za mwezi. Niliweka dd/mm/yyyy, mikataba ya wapangaji 12 ikatoka na 00 mahali pa mwezi. Kwa Word mm ndogo ni dakika. Mwezi ni MM kubwa.

Njombe: Siku 30 si mwezi, jamani. Ukihesabu siku 30 toka 31 Januari unafika Machi. Kwenye Excel, =EDATE(A2,1), yaani sogeza mwezi mmoja, inakupa siku ya mwisho ya Februari. Muulize mteja walikubaliana kipi kabla hujachapa.

Tukuyu: LibreOffice ni ya bure, na kwenye Writer sehemu ya kuingiza tarehe ina kisanduku cha kuongeza siku. Andika 30, basi.

Mimi wa Mwanjelwa: Tukuyu, asante, leo jioni naipakua. Mteja akifungua faili hilo kwa Word, tarehe inabaki?

Tukuyu: Sijitii kwenye hatari hiyo. Namkabidhi PDF.