Natoka kwenda kwenye mazingira ya asili kila Jumamosi, lakini narudi bila mchoro: nifanyeje?

Muulizaji

Salamu kwenu wachoraji wenzangu. Kwa muda wa miaka mitatu nimekuwa nikichora mandhari kwa rangi za maji, na karibu kazi zangu zote nimezichorea mezani huku nikitazama picha za kamera. Siku hizi naona kazi hizo zinafanana mno: anga la buluu ile ile, miti ya kijani kile kile, milima nyuma na maji mbele. Nilishauriwa nitoke nikakae na mazingira ya asili, kwa kuwa huko ndiko msukumo unakopatikana, nami nikatii. Hili ni juma la sita sasa nikienda kwenye bonde lenye kijito na miti mikubwa, nikiwa na daftari, brashi na chupa ya maji. Moyo hutulia kweli kweli nikiwa pale, ila nikifungua daftari sijui nianzie wapi, maana kila kitu kinaniita kwa wakati mmoja. Mwishowe narudi nyumbani na picha arobaini kwenye simu na kurasa mbili zilizofutwafutwa.

Naomba mnieleze mnachokifanya hasa tangu mnapofika hadi mnapoondoka. Tena, je, msukumo huo humjia mchoraji akiwa pale pale, au humjia baadaye?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, nadhani bonde hilo halina upungufu wowote, bali wewe unakwenda kutafuta mandhari nzima wakati mchoraji anahitaji jambo moja dogo la kulifuatilia. Mimi nikifika sifungui mkoba kwa nusu saa. Nakaa, kisha najiuliza swali moja tu, kwa mfano: kivuli cha mti huu kina rangi gani? Mtu akijibu haraka atasema ni cheusi au cha kijivu. Kitazame tena. Penye kivuli miali ya jua haifiki moja kwa moja, lakini anga lote bado linapamulika, na ndiyo sababu siku isiyo na mawingu kivuli kilichoangukia mchanga mweupe huwa na ubuluu ulio wazi, huku tawi lililoinamia udongo mwekundu likipokea wekundu huo upande wake wa chini.

Siku moja nilikaa kando ya maji yaliyotuama, na kivuli cha tawi jembamba kilikuwa kimelala juu ya jiwe jeupe. Pale tawi lilipogusa jiwe, kingo za kivuli zilikuwa kali kana kwamba zimekatwa kwa wembe, na kadiri tawi lilivyoinuka kutoka kwenye jiwe ndivyo kingo zilivyolegea, hadi ncha ya kivuli ikawa kama moshi. Nilichora kivuli hicho peke yake, ukubwa wa kiganja, na kazi tatu kubwa nilizochora baadaye zote zilitoka hapo.

Mchoraji John Constable wa Uingereza aliyafanyia mawingu hivyo hivyo. Mwaka 1821 na 1822, akiwa Hampstead, London, alichora anga mara nyingi kwa rangi za mafuta juu ya karatasi ndogo, na nyuma ya nyingi kati ya hizo aliandika tarehe, saa na hali ya upepo. Baadhi yake hazina mti wala kilima, ni mawingu matupu. Nikizitazama naona mtu aliyekuwa akiyahoji mawingu, siyo aliyekaa kungoja yampe hisia.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu aliyetangulia, isipokuwa katika ile nusu saa. Jua husogea angani kwa nyuzi 15 hivi kila saa, na asubuhi au jioni, linapokuwa chini, vivuli hubadilika urefu na upande mbele ya macho yako. Ukitumia nusu saa kutazama, huenda mwanga uliokusimamisha ukawa umekwisha kupita. Mfaransa Pierre-Henri de Valenciennes, aliyefundisha uchoraji wa mandhari zaidi ya miaka 200 iliyopita, alishauri mchoro wa nje usizidi saa mbili, na kwa macheo au machweo usizidi nusu saa. Ushauri huo haujazeeka.

Kwa hiyo fanya haraka, na fanya kidogo. Kata kidirisha cha mstatili kwenye karatasi ngumu, ukiinue mbele ya jicho moja, ukisogeze polepole hadi bonde lote lipungue na kubaki kipande unachoweza kukimudu. Kisha finya macho mpaka majani yapotee na kubaki mapande matatu au manne ya giza na mwanga. Chora mapande hayo kwa penseli kwa dakika tano, bila jani hata moja. Kama mapande hayo hayakuvutii, rangi haitayaokoa, basi sogeza kidirisha. Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa sababu tunaanza na jani kabla ya kujua mwanga unaingilia wapi na kutokea wapi.

Usilihame bonde lako pia. Mchoraji Mfaransa Claude Monet, katika miaka ya 1890 na 1891, alichora marundo ya nafaka yaliyokuwa shambani karibu na nyumba yake huko Giverny kwenye turubai zipatazo 25, akiweka moja kando na kuchukua nyingine kadiri mwanga ulivyobadilika. Hakuhitaji kwenda mbali. Simu nayo iache mkobani hadi umalize, kwa kuwa mara nyingi kamera huvifanya vivuli kuwa vyeusi na anga kuwa jeupe, na ukizoea kuitazama utaanza kuamini kwamba ndivyo ulivyoona.

Jibu la tatu

Nijibu lile swali la mwisho, maana limepitwa. Kwangu msukumo huja baadaye, lakini hauji kama sikuwapo. Jaribu hili: tazama mahali pamoja kwa dakika kumi, geuka ulipe kisogo, kisha uchore unachokumbuka. Yatakayobaki ni machache, pengine ukanda wa mwanga na umbo moja jeusi, na hayo ndiyo yaliyokugusa. Pembeni andika kwa maneno yale ambayo brashi haiwezi kuyashika, kama vile baridi ya maji, harufu ya majani yaliyooza, au upepo ulikotoka.

Na upepo ukikurushia mchanga kwenye karatasi, usikate tamaa. Monet alichora ufukwe wa Trouville mwaka 1870, na chembe za mchanga zimo ndani ya rangi yake hadi leo.

Muulizaji

Nawashukuru sana nyote. Jumamosi iliyopita nilikwenda na kidirisha cha karatasi, na simu sikuigusa. Nilikaa mahali ambapo mzizi mnene umevuka kijito. Maji yanapoufikia mzizi huwa ya kijani kizito, karibu meusi, na yanapoupanda hunyooka na kuwa membamba kama kioo, kiasi kwamba magome ya mzizi yanaonekana chini yake kwa rangi ya asali. Nilikuwa nimepita hapo majuma sita bila kuona asali hiyo.

Nilichora mara nne kwenye ukurasa mmoja. Wa kwanza na wa pili niliuharibu kwa kuweka mawe mengi. Wa tatu una mapande matatu tu, na ile rangi ya asali imo, japo kwa upana wa kucha. Nilipoanza wa nne jua lilikuwa limeshapita nyuma ya miti na mzizi umekuwa mweusi wote, nikauacha nusu. Jumamosi ijayo nitafika mapema zaidi ili niupate kabla mwanga haujauacha.