MJADALA: Vikoba vyetu vinazika vizuri. Kwa nini haviuguzi?

Wakuu, salamu kutoka Mafinga. Huku nyanda za juu kusini kuna kauli imezoeleka kwamba hatujiandalii matunzo ya uzeeni kwa kuwa hatujui kuangalia mbali. Nakataa. Mtu wa Mufindi anapanda paini leo akijua atakata mbao baada ya miaka 10 au zaidi. Subira tunayo.

Tatizo ni kwamba shamba tunaliona likiwa limekomaa, ila hakuna anayejiona akipelekwa chooni kwa kushikwa mkono. Kila mtu anaamini kiharusi ni cha jirani. Mwaka 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, Neil Weinstein, aliwauliza wanafunzi wa chuo. Kwa wastani walijiona wana uwezekano mdogo kuliko wenzao wa kupatwa na mabaya. Kwetu ukilitaja tu, unaambiwa ni uchuro.

Akifa mtu, mfuko wa jamii wa kikoba unatoa rambirambi siku hiyohiyo. Jeneza, turubai, unga, gari, vyote vinapatikana. Lakini mama aliyelala kitandani tangu apate kiharusi? Pampasi za wakubwa, dawa za presha, kumgeuza usiku kucha asitoke vidonda, vyote anabeba binti aliyefunga genge lake Mwanjelwa akarudi nyumbani. Msiba tunajua utaanuliwa lini. Kuuguza hakuna anayejua, na hapo ndipo wote tunageuza uso.

Swali: vikundi vitenge fedha za kuuguza, ndiyo au hapana?

Mchangiaji, Tukuyu: Hapana. Kikundi kikianza kulipa, watoto watajitoa. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo.

Mleta mada: Mzee ana watoto sita, ndugu yangu, na kila mmoja anawategemea wale watano. Anayebaki ni yule asiye na ajira, na mara nyingi ni wa kike.

Mchangiaji, Makambako: Mnasingizia akili, shida ni kipato. Zanzibar wanalipa pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na kuendelea tangu 2016. Tuidai na huku bara!

Mleta mada: Tuidai, niko nawe. Ila hata msimu mahindi yakipata bei hatuweki, tunasema mwakani. Basi tuitumie hiyo mwakani. Mwaka 2004 Richard Thaler na Shlomo Benartzi walieleza mpango wa wafanyakazi wa Marekani waliokubali mapema kwamba mshahara ukipanda, akiba nayo ipande. Wengi walikubali, na akiba zao zikakua sana. Sisi tunavunja kikoba Desemba. Tusaini sasa kwamba sehemu ya gawio la mwaka ujao ikatwe kabla halijafika mkononi, iende kwenye kuuguza. Kwanza tuandike kwenye katiba ya kikundi nani atathibitisha mgonjwa, na anayemuuguza alipwe nini kwa mwezi. Hapo kwenye malipo ya muuguzaji ndipo nataka mnipinge kwa hoja.