Idi Kubwa yakaribia nami sina kazi: nianze kupunguza wapi?

Mpishi wa Shela, Lamu
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya Shela ambayo, kama hoteli nyingi za hapa masika yakiingia na wageni wakiisha, ilifungwa mwezi wa nne, na safari hii tumeambiwa kwamba si sote tutakaorudishwa. Idi ya Mfunguo Tatu imebakisha wiki tatu. Nina shilingi 14,000, nazo ni za chakula mpaka nipate kibarua. Kila mwaka mimi, mke wangu na watoto watatu huvuka kwa mashua mpaka Mokowe, tukapanda basi kwenda Malindi kwa mama yangu, tukiwa na nguo mpya na fedha za mbuzi wa kuchinja. Mke wangu anataka nikope kwenye simu ili mama asihuzunike. Nishaurini: nikate nini, na mama nimwambieje?

Bibi wa Langoni
Waaleikum salaam, mwanangu. Anza na mbuzi, kwa kuwa ndiye mwenye gharama kubwa na ndipo dini ilipokupunguzia mzigo: katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata huku pwani, kuchinja ni sunna iliyotiliwa mkazo kwa mwenye uwezo, wala si faradhi. Idi hii pia haina zaka ya fitri kama ile ya Mfunguo Mosi. Wanaochinja watagawa nyama, na ikiletwa mlangoni kwako ipokee kwa moyo mkunjufu, kwa sababu nawe uligawa miaka yako. Pika pilau badala ya biriani, maana nyama yake huweza kuwa kidogo na harufu ikabaki ile ile. Samaki usimtegemee, kusi likivuma wavuvi hawatoki kila siku, na bei hupanda. Kaimati ni unga, hamira na sukari, basi usiwanyime watoto.

Fundi wa Mkomani
Mimi nitasema la nguo tu. Wiki ya mwisho kazi hutuzidi na ushonaji huwa ghali, kwa hiyo zitoeni kanzu za mwaka jana leo, mtazame pindo. Likiwa pana huteremshwa kwa fedha kidogo, na kanzu ya mkubwa hupunguzwa ikamkaa mdogo. Ila waambie watoto mapema, hasa yule wa kwanza, asije akalijua jambo hili asubuhi ya Idi wenziwe wakiwa wamekwisha kuvaa.

Mkaazi wa Maweni, Malindi
Ndugu yangu, nakusihi usikope. Mwaka jana nilikuwa katika hali kama yako nikachukua mkopo wa simu wa kulipwa kwa siku thelathini, nikitumaini kwamba hoteli zingefunguliwa. Zilipofunguliwa mwezi wa saba muda ulikuwa umepita, ada imeongezwa juu ya ada, na mshahara wangu wa kwanza ukaishia huko wote. Hesabu yako ni hiyo hiyo: deni litadai kabla ya kazi kurudi. Nauli za watu watano, kwenda na kurudi, katika wiki ambayo mabasi yamejaa, ni chakula chenu cha siku nyingi. Kwa mama sikubaliani na wanaoficha mambo. Mpigie wewe mwenyewe, usimwachie mkeo wala jirani, umwambie kazi imesimama tangu lini, kwa kuwa huzuni ya mzazi huzidi anapojua kwamba wengine walitangulia kuambiwa.

Mpishi wa Shela, Lamu
Nawashukuru sana. Mbuzi nimemwacha, mkopo sichukui, na kanzu mbili zimekwisha kupelekwa kwa fundi. Jana baada ya alasiri nilimpigia mama nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nauli ya mtu mmoja kutoka Malindi ni kiasi gani, akasema kwamba atakuja yeye siku nne kabla ya Idi, na kwamba mchele wa pilau nisinunue, atakuja nao.