Niache kidato cha nne nishike kazi Tunduma, au nivumilie mpaka Novemba?

Kijana wa Mpemba (mleta mada)

Shikamooni wakubwa, rika langu mambo vipi. Nina miaka 19, niko kidato cha nne shule ya kata hapa Mpemba, Songwe. Nilichelewa kuanza la kwanza, ndiyo maana umri umekimbia. Kidato cha pili nilifaulu. Mitihani ya muhula nachezea Three (daraja la tatu) ya mwisho mwisho, Hisabati ndiyo inayonivuta shati.

Mjomba ana ofisi ya uwakala wa forodha Tunduma. Kijana wake mmoja kahamia Dar, anataka mtu anayemwamini aanze mwezi ujao, yaani Mei. Kazi ni kukimbiza mafaili, kusimamia malori kwenye foleni, kuvuka Nakonde, upande wa Zambia, kufuatilia mzigo. Laki mbili na nusu kwa mwezi, chakula cha mchana, na pa kulala nyuma ya ofisi. Jumatatu hadi Jumamosi, na kama mnavyojua lori halijui Jumapili.

Nimejipigia hesabu. Nikienda, Mei hadi Desemba ni milioni mbili, na mimi hata laki moja yangu sijawahi kuishika. Nikibaki, Novemba nafanya mtihani, napata cheti ambacho sijui kitakuwa na daraja gani, halafu narudi kuomba kazi kwa mjomba huyo huyo. Rafiki yangu ananiambia ipo njia ya tatu: niende kazini sasa, mtihani nije nifanye mwakani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada siyo shida, tunasoma bila ada. Shida ni michango, nauli na njaa.

Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Nundu ya Ng'ombe

Maliza shule dogo. Uzi ufungwe.

Mzee wa Kasumbalesa

Usifungwe kwanza, mtoto kauliza vizuri.

Mimi nimeendesha njia hiyo miaka 14, Dar, Tunduma, Kasumbalesa hadi Lubumbashi. Vijana wa mafaili nawajua kwa sura. Kijana mzuri mwenye mbio ni mali, dereva anamtafuta kwa simu kabla hajafika Mpemba. Lakini nikuambie nilichokiona. Zamani gari likikaguliwa upande wetu, likavuka likakaguliwa tena upande wa Zambia, kila dirisha lilihitaji mtu wa kukimbia. Tangu kituo cha pamoja kifunguliwe 2019, hatua nyingi zimewekwa chini ya paa moja, na makaratasi mengi yanaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta huko Dar kabla lori halijatoka bandarini. Wakimbiaji bado wapo, ila wanaopanda ni wale wanaokaa kwenye kompyuta. Na wanaokaa kwenye kompyuta wamesomea.

Muulize mjomba swali moja: baada ya miaka mitatu nitakuwa nani hapa ofisini? Akijibu haraka haraka "utakuwa mtu wangu", jua hana jibu.

Fundi Uyole

Mimi nitawaudhi. Niliacha kidato cha tatu mwaka 2009 nikaingia gereji ya malori. Sijuti. Wenzangu niliowaacha darasani, wapo waliopata zero, wakaja kuniomba niwafundishe kufungua gia boksi. Leo nina vijana sita chini yangu.

Sasa kabla hamjanipigia makofi au mawe. Ufundi unaonekana mkononi. Lori likija linavuta moshi mweusi likaondoka limepona, hakuna anayeniuliza nilipata ngapi Kiswahili. Hata hivyo kampuni moja ilipotaka kunipa magari yake yote nihudumie, walidai cheti. Nikaenda VETA kwa utaratibu wa kutambua ujuzi wa waliojifunzia mtaani. Wakanipima kwa vitendo, wakaniongezea palipopungua, nikapata cheti. Ulinichukua muda lakini mlango ulikuwepo.

Kazi ya mleta mada siyo ya hivyo. Uwakala ni biashara ya makaratasi kuanzia asubuhi hadi jioni, sasa mtu asiye na karatasi lake mwenyewe atajionyesha kwa nini? Angekuwa anaitwa gereji ningemwambia aje kesho. Kwa forodha, hapana.

Mwl wa Zamu

Mwanangu, mimi ni mwalimu wa sekondari, siyo mkoa wako. Naomba nikae kwenye hiyo njia ya tatu kwa sababu watu wanaisifia bila kuijua.

Ukiwa shuleni, alama zako za maendeleo zinaingia kwenye matokeo ya mwisho. Zile kazi, ile mitihani ya muhula, ni akiba. Mtahiniwa wa kujitegemea hana akiba hiyo, anapimwa kwa karatasi ya siku ile basi. Wewe ambaye Hisabati inakuvuta shati ndiye unayeihitaji zaidi. Na kama shule imeshakusajili usitokee Novemba, jina lako litatoka na ABS (hakufanya mtihani) pembeni, wataliona ndugu wote maana siku hizi matokeo yanasomwa kwenye simu.

Wapo wanaofaulu wakiwa kazini, siwadharau. Wengi niliowaona ni wale waliokwisha kukalia mtihani mara moja, wanarudia masomo mawili matatu. Anayeanzia njiani ni habari nyingine. Januari anajisajili ana moto, Juni daftari hajui liko wapi. QT nayo, ule mtihani wa maarifa, iliwekwa kwa ajili ya wasiopita sekondari ya kawaida, kwako ni kushuka ngazi ambazo umeshazipanda.

Halafu unaogopa daraja kuliko inavyostahili. Vyuo vingi vya kati na vya ufundi vilivyo chini ya NACTVET, kuingia ngazi ya cheti wanataka D nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Piga hesabu: D nne na F tatu ni pointi 31 (pointi zikizidi daraja linashuka), bado ni Four, zero inaanzia 34. Wewe unachezea Three. Umebakiza miezi saba, umeshamaliza miaka mitatu na robo. Mtu halimi shamba lote akaliacha kwenye palizi ya mwisho.

Binti Vwawa

Mwalimu kasema kuhusu daftari nikacheka peke yangu kwenye daladala.

Niliacha kidato cha tatu 2020 nikauze duka la simu, laki moja na themanini. Mwezi wa kwanza nilimnunulia mama kitenge na mimi viatu. Mwezi wa tano bosi akasema biashara imelala, nikae nyumbani kidogo atanipigia. Sikuwa na mkataba, NSSF ndiyo nini, hata ujumbe wa maandishi kwamba nilikuwa mfanyakazi wake sikuwa nao. Hajanipigia mpaka leo.

Nilirudi shule 2022 baada ya ule waraka wa 2021 ulioruhusu waliokatiza masomo kurudi. Nashukuru upo. Lakini kurudi siyo kama kutokuondoka, unakaa dawati moja na mdogo wake rafiki yako, ukijibu swali wanageuka wote kukuangalia. Nilifanya mtihani 2023 nikapata Three. Niko chuo sasa.

Kaka, ukienda au usipoenda, hakikisha una mkataba. Mjomba ni mjomba, mkataba ni mkataba.

Mama Wanne

Mimi nimesoma maandishi ya huyu kijana mara mbili. Mwanangu, umetaja michango, ukataja nauli, ukataja njaa, ukaanza kuhesabu milioni mbili. Mtoto wa Three hafikirii hivyo ghafla mwezi wa nne. Nyumbani kuna nini?

Kijana wa Mpemba

Mama Wanne shikamoo. Nilikuwa sitaki kuandika.

Mama anauza vitumbua na chapati hapa stendi. Mwaka jana alichukua kausha damu, ile mikopo ya riba kali ya mtaani, laki tatu ili aongeze mtaji, akaumwa wiki mbili, marejesho yakamshinda. Akachukua nyingine kulipa ile. Sasa hivi wanasema anadaiwa laki sita na arobaini. Juzi walikuja wakachukua redio na godoro la wadogo zangu. Walisema wakirudi watachukua jiko. Jiko likienda hakuna vitumbua.

Hesabu yangu ya kweli ilikuwa hiyo. Miezi mitatu ya mshahara, deni limekwisha.

Nundu ya Ng'ombe

Nafuta kauli yangu ya kwanza. Pole sana dogo.

Mzee wa Kasumbalesa

Huyo mjomba na mama yako ni tumbo moja?

Kijana wa Mpemba

Ndiyo, mama ndiye dada mkubwa. Ila mjomba hajui. Mama amenikataza nisimwambie, anasema atamdharau.

Shoka la Bodi

Nimefanya kazi kwenye mikopo midogo, niliacha. Mambo matatu ya haraka.

Moja, mkopeshaji wa daraja la pili (anayekopesha bila kupokea amana) lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na riba ina kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mama aombe mkataba wake wa mkopo. Kama hakuna mkataba au hakuna leseni, hilo deni la laki sita na arobaini linazungumzika, na uwezekano ni mkubwa sana kwamba sehemu kubwa ni adhabu za kubuni.

Mbili, kuingia ndani kubeba godoro la watoto bila amri ya mahakama siyo utaratibu. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mkiandika vitu vilivyochukuliwa na tarehe. Ikibidi polisi. Hawa watu wanaogopa maandishi kuliko wanavyoogopa kelele.

Tatu, kwa baadaye, halmashauri ina ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Haina riba, ila ni kwa vikundi, na haitoki kesho. Msiitegemee kwa deni hili. Itegemeeni kwa mtaji unaofuata ili mama asirudi kwa wale wale.

Mama Wanne

Sasa tumefika. Mwanangu, ulikuwa hulinganishi shule na kazi. Ulikuwa unalinganisha shule na aibu ya mama yako. Mimi ni mama, nimewahi kudaiwa nikajificha chooni wakigonga, najua anachokificha. Lakini fikiria siku mjomba atakapogundua kwamba mtoto wa dada yake aliacha mtihani miezi saba kabla, akawa anambebea mafaili ili kulipa deni ambalo yeye angelimaliza kwa simu moja. Hapo ndipo atakapomdharau, na yeye mwenyewe atajiona hafai.

Mwambie mama kwanza kwamba utasema. Usimzunguke.

Fundi Uyole

Na ukienda kwa mjomba usiende kuomba hela. Nenda na hesabu. Mwambie: nipe Jumamosi na likizo ya Juni, unilipe kwa siku, Desemba naanza kazi kamili. Akisema nafasi haiwezi kusubiri hadi Desemba, basi hakuwa anakutaka wewe, alikuwa anataka miguu. Miguu ataipata pale stendi asubuhi hiyo hiyo.

Mwl wa Zamu

Mwongezeeni kwamba amwone mkuu wa shule kuhusu michango. Kwenye shule nyingi mtoto anafukuzwa michango kwa sababu hakuna aliyesema hali ya nyumbani. Nakiri hilo ni kosa letu walimu pia, tunauliza risiti kabla ya kuuliza habari.

Mtoto wa Mjini

Mnampa ushauri wa kitabuni. Hizo laki sita anazilipa nani leo? Ningekuwa mimi ningeenda Tunduma kesho asubuhi.

Binti Vwawa

Ungeenda, ndiyo. Na mimi nilienda.

Kijana wa Mpemba

Wakuu, samahani nimepotea wiki mbili, simu ilikuwa ya mama.

Nilimwambia mama kwamba nitasema. Alilia, akaniita msaliti. Jumapili nikaenda Tunduma. Mjomba alinyamaza muda mrefu, akauliza godoro liko wapi, halafu akaondoka na pikipiki bila kuniaga. Alikwenda kwa wale watu na mwenyekiti wa mtaa. Mkataba haukuwepo, ni daftari tu. Wameshuka hadi laki tatu na ishirini. Mjomba kalipa laki mbili, iliyobaki mama atalipa kidogo kidogo hadi Agosti. Godoro limerudi, redio wanasema imeuzwa.

Kazi ameshampa kijana mwingine. Alisema wazi, Mei ni Mei. Lakini Jumamosi naenda, elfu kumi kwa siku, na laki mbili yake tutakatana nikimaliza mtihani. Kuhusu Desemba kasema tutaona. Mzee wa Kasumbalesa, nilimuuliza lile swali lako la miaka mitatu. Alijibu, "Kwanza nione hiyo Hisabati."

Mama hajanisemesha tangu Jumapili ile, ila asubuhi naamka nakuta chapati mbili zimefunikwa mezani.

Mwenye mitihani ya Hisabati ya NECTA ya miaka ya nyuma yenye majibu naomba anitumie, hasa maswali ya vekta na trigonometria. Hapo ndipo nazama.

Mwl wa Zamu

Ninayo. Anza na takwimu na hesabu za biashara kwanza, hizo ni alama za bure. Vekta tutazifikia.