Tupeane uzoefu: ulimwita dokta, kumbe ni nani?

Mwana wa Bombo:
Asalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Leo nikiwa kwenye takisi narudi nyumbani kutoka Kampala nimeona bango jipya. Jamaa kavaa koti jeupe, kipimo cha moyo kinaning'inia shingoni, jina linaanza na Dr. Chini yake: anatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo, uzazi, ndoa iliyoharibika na viza ya Dubai iliyokwama. Viza! Nilicheka peke yangu mpaka mama niliyekaa naye akavuta mkoba wake. Tulipofika Kawanda kicheko kikaisha, nikakumbuka yaliyonipata mimi. Basi nauliza: hawa wa tiba za majani na tiba mbadala, ni haki kuwaita madaktari? Aliyeona kwa macho yake aseme.

Dereva Malaba:
Hiyo ya viza nipe namba yake.

Binti Koboko:
Nilikuwa napita tu, lakini hilo koti jeupe limenigusa.

Mama yangu ana sukari. Alikuwa anameza vidonge vyake, anapanga foleni ya kliniki kila mwezi, siku nyingine anaambiwa vimeisha, anarudi. Mchana anasikiliza redio. Kukawa na kipindi cha "dokta" mmoja, sauti nzuri, Kiswahili safi, anawaita wasikilizaji "mama zangu". Mama akaenda. Akauziwa chupa tatu kwa shilingi 150,000 na akaambiwa aache vidonge, kwamba vikikutana na dawa ya majani vinaiharibu nguvu. Mimi niko Kampala sijui lolote. Kwenye simu ananiambia kamba ya ndala imemkwaruza kidole, si kitu, "dokta anasema ni sumu inatokea mguuni, ndiyo dalili ya kupona."

Nilipanda basi la usiku. Nimefika mlangoni harufu ikanipokea kabla ya mtu yeyote, nikajua panya amefia stoo. Mama yuko kwenye mkeka, mguu ndani ya beseni la bluu, maji ya moto na majani yanaelea. Anatabasamu. Niliunyanyua ule mguu. Kidole cha pili kutoka mwisho kilikuwa cheusi, kimesinyaa kama tende. Nikakifinya kwa kucha. Mama anaendelea kuniuliza kama nimekula njiani. Hakusikia chochote.

Nikampigia huyo bwana. Nikamwuliza kwa nini umemwachisha mgonjwa vidonge? Akanijibu taratibu kabisa: "Dada, hapa daktari ni nani, wewe au mimi?"

Tulipofika hospitali Arua wakamtoboa kidole cha mkono, kile kimashine kikaandika HI. Mimi na usomi wangu nikadhani kinatusalimu. Walimkata chini ya goti.

Sasa nisikilizeni. Mama yangu ni Hajati. Kwa mganga hawezi kuingia hata umlipe, atakwambia ni shirki. Kwa huyu aliingia kwa sababu bango lilisema dokta. Angejiita mganga, mama yangu angekuwa na miguu miwili.

Afande Mstaafu:
Poleni sana. Hilo la mwisho ni kweli tupu.

Nesi wa Zamu:
Pole dada, mpe Hajati salamu zangu. Kwa wengine: HI maana yake sukari imepanda hadi mashine imeshindwa kuihesabu. Na mwenye sukari asiloweke miguu kwenye maji ya moto, mishipa ya fahamu imekufa ganzi, ataungua asijue. Kila usiku atazame nyayo kwa kioo, hasa katikati ya vidole. Hospitali tunawaambia, lakini tunawaambia wakati foleni imefika barabarani, nani atasikia.

Jirani wa Mbale:
Baba yangu anakunywa mululuza, yale majani machungu, kila asubuhi na sukari imeshuka. Semeni mnavyotaka.

Nesi wa Zamu:
Na vidonge anameza?

Jirani wa Mbale:
Anameza.

Nesi wa Zamu:
Haya.

Mzee wa Hoima:
Msiwatukane wote. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, alikuwa hapa kwetu Bunyoro, mahali panaitwa Kahura. Akaona mama aliyeshindwa kujifungua anapasuliwa na mtaalamu wa kienyeji. Walimnywesha pombe ya ndizi alegee, hiyo hiyo ikaosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mgonjwa. Damu ikazuiwa kwa chuma cha moto, kidonda kikabanwa kwa misumari saba iliyong'arishwa na kufungwa kamba za gome, kisha kikapakwa dawa ya mizizi. Siku ya 11 kilikuwa kimefunga, mama mzima, mtoto mzima. Felkin akayaandika 1884 wenzake Ulaya wasome. Yule mpasuaji hakuwa na bango wala koti jeupe.

Dereva Malaba:
Pombe ya ndizi inatibu, niliwaambia watu nyumbani wakakataa.

Kijana Kisenyi:
Ngoja niwape yangu. Mwaka jana mgongo ulinikamata, rafiki akanipeleka kwa "dakta" wa mashine. Unashika chuma kama kishikio cha baiskeli, kompyuta inapiga mlio, inakutajia magonjwa yote ya mwili. Mimi ilinikuta na figo chovu, ini lenye mafuta na kizazi kilichoinama. Kizazi! Mimi mwanaume na ndevu zangu! Nikanyanyua macho kumwangalia dakta vizuri. Naye akaniangalia. Akainamisha kichwa.

Jamani, alikuwa kondakta wa takisi yetu ya Busia! Miaka miwili amenikatalia chenji yangu! Nikasema, "Wewe si ndiye uliyekuwa unaning'inia mlangoni unaita Tororo, Tororo?" Akasema kwa sauti ndogo, "Bosi, maisha yanabadilika."

Binti Koboko:
Hahahaa, nimecheka na machozi yangu.

Afande Mstaafu:
Kondakta ukimtoa KON anabaki DAKTA. Hajadanganya mtu, amefupisha tu.

Shangazi Busia:
Ni yule mfupi mwenye mwanya? Njia ile naijua.

Kijana Kisenyi:
Shangazi, majina na alama tuache. Chenji alinirudishia, shilingi 2,000.

Shangazi Busia:
Na mgongo je?

Kijana Kisenyi:
Mgongo ulipona wenyewe.

Miaka Sita:
Mimi nimesoma mitano Makerere, nikaongeza mmoja wa mazoezi hospitalini bila kulala. Halafu mtu anachemsha magome wiki mbili, anajiita Dr. Sheria ifuatwe. Daktari ni yule aliyeandikishwa na baraza la madaktari. Wa tiba asilia sheria ya 2019 imewapa baraza lao, wajisajili huko kwa jina lao.

Klinikal Ofisa:
Sawa daktari, lakini huku kijijini mimi ndiye naitwa dokta, na wewe hatujakuona. Nikikataa hilo jina wagonjwa wanadhani nina kiburi.

Miaka Sita:
Unaona? Ndipo tatizo linapoanzia, kwenu.

Klinikal Ofisa:
Kwetu wapi? Njoo ukae zamu moja huku, ssebo, taa ya simu ikiwa mdomoni, ndio tuzungumze.

Mwalimu wa Mukono:
Wote punguzeni. Kwa Kiganda nesi ni musawo, daktari ni musawo, wa majani ni musawo, hata anayeuza panado dirishani ni musawo. Lugha ilishawachanganya kabla ya bango. Na Dr. si mali ya hospitali, mimi nina ya historia. Uingereza madaktari wa upasuaji huitwa Bwana tu na hawajapungua kitu. Tu Youyou wa China aliyepata Nobel 2015 kwa dawa ya malaria, aliyoanza kuisaka kwenye vitabu vya tiba ya kale, hana hata PhD.

Miaka Sita:
Profesa, mgonjwa akianguka kwenye ndege ukasikia "kuna daktari humu?", utanyosha mkono?

Mwalimu wa Mukono:
Nitamwelezea chanzo cha ugonjwa tangu mwaka 1900.

Majani ya Bibi:
Mimi ni mtu wa majani, nimerithi kwa bibi. Natibu kikohozi, tumbo, vipele vya watoto. Sikujipa udokta, wateja ndio wanaleta jina wenyewe, na nikiwaambia niiteni mama, wananilipa nusu. Huo ndio ukweli, utukaneni. Bibi yangu alikuwa na sheria moja: mgonjwa akirudi mara ya pili na jambo lile lile, mpe nauli ya hospitali. Nauli, si maneno. Hawa wa redio hawakufundishwa na bibi yeyote.

Shangazi Busia:
Kweli nnyabo. Ila kuunga mfupa hospitali hawajui. Mimi mkono wangu uliungwa na mzee wa kijijini, mpaka leo nafua.

Nesi wa Zamu:
Shangazi, na wale tunaoletewa vidole vimekuwa vyeusi kwa vijiti vilivyokazwa? Mkono ukifungwa, vidole vikianza kuvimba, kupoa au kufa ganzi, legeza saa hiyo hiyo uende hospitali. Usingoje asubuhi.

Shangazi Busia:
Wangu haukukazwa.

Binti Koboko:
Nimerudi. Kuhusu hali ya mama, yuko salama, anatembelea magongo, anagombana na wajukuu. Juzi nimemkuta amekaa na redio, sauti ile ile, "mama zangu". Nikaizima. Akasema, "Mwanangu, acha, leo dokta anafundisha kutunza miguu."

Afande Mstaafu:
Lahaula.

Dereva Malaba:
Mwana wa Bombo, umetuita hapa, sisi tumesema yote. Ya kwako iko wapi?

Mwana wa Bombo:
Ya kwangu ni ile ya ndoa. Naomba tuendelee na miguu.